Wataalamu wa Bure, Wakati wa Vita

Wakati wa vita hakuna mtu anayeamini kazi ya bure. Anayekuita ukafanye kazi bila malipo, kwanza unamwangalia mikono, halafu unaangalia nyuma yake kuna nani. Miaka ile Bujumbura kujitolea tulikuwa tumeshakujua: vijana wanakusanywa kwenye uwanja wa mtaa, wanapewa fimbo, wanaambiwa walinde. Wengi hawakurudi kwa mama zao. Kwa hiyo yule mama profesa alipoingia dukani kwangu Bwiza na kusema anatafuta watu wenye ujuzi watakaojitolea, mafundi wangu waliokuwa wanasuka mota waliinuka mmoja mmoja wakatoka nje polepole, kama watu wanaokwenda kukojoa.

Mi nilibaki. Duka ni langu.

Nilikuwa namjua. Maabara yake ya chuo kikuu nilikuwa nimeifungia betri na grupu, maana jenereta sisi tunaiita grupu. Alikuwa mtu wa udongo na mbegu, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Mume wake alikufa mwanzoni mwa vita, na sitaandika alikufaje. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba magotini, akanieleza jambo ambalo kwanza nililiona la kijinga.

Wafadhili wa nje, alisema, wanataka kutupa ordinateri kubwa, yaani kompyuta, ya kutunza mambo ya utafiti, na vyombo vya kuunganisha chuo, hospitali, kituo cha mbegu na ofisi ya ziwa. Kila kitu ambacho wasomi wa nchi wamepima na kuandika kitaingia humo, kitakaa sehemu nne kwa pamoja. Moja ikiungua, tatu zinabaki.

"Na kwangu unataka nini? Umeme?"

"Nataka watu, muzee. Hawatoi kitu mpaka nchi iwe na kamati yake ya wataalamu. Watu wa kuishauri serikali: ile mashine ikae wapi, mawasiliano yapite wapi, umeme utoke wapi. Na wasilipwe."

"Wasilipwe kwa nini?"

"Akilipwa atashauri anachotaka anayemlipa."

Nilicheka. Nikamwambia, "Madamu, hapa hata asiyelipwa anashauri anachotaka mwenye bunduki."

Hakucheka. Alinieleza habari ya kituo cha mbegu kule milimani, ambako walikuwa wamejaribu maharage na mtama kwa miaka mingi, tangu yeye hajaolewa. Kilivamiwa, kikachomwa. Alikwenda na gari la hospitali kuokota kilichobaki. Karatasi zilikuwa zimenyeshewa, kurasa zimegandana kama ngozi. "Kulikuwa na haragwe moja lililokataa kufa kwa jua," alisema. "Tulijua limepandwa wapi, kwa nani, limezaa kiasi gani. Waliolipanda wamekufa. Mi sasa nakumbuka rangi yake tu." Yaliyobaki aliyatia kwenye magunia, na magunia yalikuwa chini ya kitanda chake. Nyumba yake ilikuwa upande wa milima, mahali ambapo mabomu yalikuwa yanaanguka yanapotaka. Kama kamati haikupatikana kabla ya mvua kuanza, vyombo vingekwenda nchi nyingine, na magunia yangebaki chini ya kitanda kusubiri bomu lake.

Hapo nikaelewa. Mtu aliyechomewa duka lake akaanza upya haelezwi moto ni nini.

"Nimekuja kwako," alisema, "kwa sababu unaweza kufika mitaa ambayo mimi siwezi."

Ilikuwa kweli. Mji ulikuwa umekatwa vipande, mtaa huu wa hawa, mtaa ule wa wale. Sitaandika nani alikuwa kabila gani. Wa Bujumbura atajua kwa mtaa, na wa mbali haitamsaidia kitu. Sisi Waswahili wa Bwiza hatukuhesabiwa huku wala kule, basi tulipita. Si kwamba hatukufa. Tulikufa kwa bahati mbaya, siyo kwa kutafutwa. Hiyo ndiyo ilikuwa nafuu yetu.

Lakini mi si mtu wa kutumwa barua. Nikamwambia, "Nitawatafuta, lakini nitakaa nao mezani. Nakuwa ndani au nakuwa nje?"

"Una diploma gani, muzee?" Hakusema kwa dharau, alikuwa anawaza serikali itauliza nini.

"Nilifika darasa la tatu, baba akafa, nikaenda kupuliza moto kwa Mgiriki aliyekuwa anatengeneza malori. Alipoondoka aliniachia vifaa na deni. Grupu zote zinazowaka pale chuoni kwenu, nani kaziwasha?"

Aliniangalia, akatoa kalamu, akaandika jina langu, na mbele yake akaandika: mtaalamu wa umeme. Nilipenda kuliona neno lile. Sioni kwa nini nisiseme.

Mtu wa ordinateri alikuwa ameshampata, enjenyeri wa ofisi moja ya serikali. Aliyekosekana ni mtu wa antene. Nyaya za simu za nchi nzima zilikuwa zimekatwa na kuuzwa shaba, kwa hiyo mawasiliano yangepita hewani, kilima kwa kilima, kwenye milingoti ya zamani. Mingine ilikuwa imeangushwa, mingine ilizungukwa na mabomu ya kukanyaga, na mingine bado ilikuwa mizima. Mtu aliyeipanda yote, anayejua kila mguu wa chuma umesimama juu ya nini, alikuwa amebaki mmoja tu. Alikuwa anaishi mtaa wa Kanyosha, analima mboga. Na kabla ya kulima mboga alikuwa anafanya kazi uwanja mmoja na yule enjenyeri.

Habari yao ilijulikana mji mzima. Zilikuwa siku zile tulizoziita mji umekufa: vijana wanafunga njia zote, magari hayapiti, na wewe ukikutwa njiani na sura isiyowapendeza, basi. Fundi wa antene na mwenzake wa kazi, mtu mzima aliyemfundisha kupanda milingoti, walikutwa njiani asubuhi. Wakakimbilia kazini kwao. Mlinzi alikuwa ameshatoroka, na ufunguo wa geti ulikuwa kwa enjenyeri, ndani. Aliwaona wanakuja. Akafunga. Mwenzake fundi aliuliwa pale pale, mgongo wake kwenye geti. Fundi mwenyewe waliacha kumpiga walipofikiri amekufa. Mkono wa kushoto haukufunga tena vidole. Hakurudi kazini, hakuchukua hata masanduku yake ya vifaa.

"Bila yeye hakuna kamati?" nilimuuliza Madamu.

"Bila yeye ni watu wanaokaa mezani kubahatisha. Wafadhili wataleta mtu wao kuuliza maswali. Atatujua kwa swali la kwanza."

"Na bila enjenyeri?"

"Hakuna mwingine aliyebaki nchini anayejua mashine zile. Wengine wamekimbia. Wengine unajua walipo."

Basi ilikuwa hivyo. Wawili wale mezani pamoja, au hakuna kitu.

Nilipanda basi ndogo mpaka mtoni, nikashuka kwenye barieri ya askari. Wakaniuliza naenda wapi, nikasema kununua lengalenga, mboga ya mchicha. Wakati wa kurudi niliinunua kweli, wasije wakaniita mwongo. Fundi wa antene nilimkuta kwenye bustani yake, jembe amelishika kwa mkono wa kulia na kulibana kwa kiwiko cha kushoto. Tulikuwa tunajuana kwa mambo ya nyaya. Tuliongea Kirundi, naandika kwa Kiswahili.

"Muswahili! Umekosa watu wa kudanganya huko Bwiza?"

"Wameisha, bwana. Ndiyo nimekuja huku."

Kwetu jambo kubwa halisemwi siku ya kwanza. Siku ile tuliongea wadudu wa kabichi na ndagala, yaani dagaa, wa Ruziba, kwamba wavuvi hawathubutu tena kuingia ziwani, na wake zao wanauza samaki za wiki iliyopita. Nikarudi Bwiza. Mara ya pili tuliongea waliokufa, wake na wangu. Madamu alikuwa ananiuliza, "Umemwambia?" Namwambia bado. Anashika kichwa. Alikuwa amesoma sana Ulaya, akadhani ni uvivu.

Mara ya tatu fundi mwenyewe alisema, "Haya sema. Miguu yako imechoka."

Nikasema yote. Alisikiliza ameegemea jembe. Kwanza aliuliza mambo ya kazi, na nikaona macho yake yanaamka.

"Ule mlingoti wa pili, wa juu ya msitu, bado umesimama?"

"Wanasema umesimama."

"Utaachaje kusimama. Mguu wa kusini niliumwagia zege mi mwenyewe, mvua inanipiga." Akafikiri. "Na nani mwingine yuko kwenye hiyo kamati yenu?"

Nikamwambia, bila kuzunguka. Alitema mate, akayafukia kwa jembe.

"Bado anafunga milango?"

Niliangalia kabichi zake.

"Wewe mutu wa dini, niambie. Nikikaa naye meza moja, yule mwenzangu atasema nini?"

"Aliyekufa hasemi, ndugu yangu."

"Basi we hukumjua. Anasema kila siku." Alilima kidogo, akasimama tena. "Aje aniombe. Yeye, kwa mudomo wake. Aje na pombe kama mutu anayeomba. Kule kazini kwao apana, geti lile sipiti. Kwako."

"Na akija?"

"Akija nitasikiliza. Sijasema zaidi."

Madamu alifurahi mno. "Bia tu? Hiyo si kitu, nitanunua mimi."

"Madamu, ukinunua wewe umeharibu. Na siyo bia tu."

Kwa enjenyeri nilikwenda mwenyewe, nikapita geti lile. Lilikuwa limepakwa rangi mpya ya kijani. Alikuwa mtu mwembamba, shati limepigwa pasi, Biblia mezani karibu na mashine yake. Nilipomaliza kueleza aliishika ile Biblia kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

"Mi nimeokoka, muzee. Pombe sijaigusa tangu mwaka ule."

"Hujaambiwa unywe. Umeambiwa ulete."

Akasema, mi sijamuuliza, "Ningefungua, wangeingia nao. Ndani tulikuwa tumejaa. Kulikuwa na wanawake."

"Sikukuuliza."

"Hakuna anayeniuliza. Ndiyo taabu yenyewe."

Labda alisema kweli. Wako waliokuwa ndani siku ile na wanasema wako hai kwa sababu yake. Mi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba kweli hiyo haikuwafaa kitu waliokuwa nje.

Tukapanga Jumamosi asubuhi. Niliwapa mafundi ruhusa, nikafagia mabaki ya waya, nikapanga viti vinne. Fundi wa antene alifika wa kwanza, shati safi, amenibebea kabichi. Alichagua kiti kinachoangalia mlango. Madamu akaja na ramani kubwa ya nchi ameikunja kama mkeka. Tukakaa tunaongea mvua. Enjenyeri alichelewa, na kila mtu akipita mlangoni Madamu anageuka.

Alipofika alikuwa na kikapu. Alisalimu wote, akabaki amesimama. Akatoa bia kubwa nne, akazipanga mezani mbele ya fundi, akasema kwa sauti ndogo, "Nimekuja kukuomba."

Chupa zote zilikuwa wazi.

Asiye wa kwetu hataona kosa. Kwetu chupa inafunguliwa mbele ya mnywaji, kwa macho yake. Hata kwa ndugu, hata kwa harusi. Baada ya vita kuanza ndiyo kabisa, maana mwaka haukupita bila kusikia fulani kanyweshwa sumu. Kumletea mtu chupa iliyofunguliwa mahali ambapo hakuwepo, na mtu mwenyewe ni huyo uliyemfungia geti! Madamu aliangalia chupa, akanitazama mimi, na nikaona kwamba usomi wote ule wa Ulaya haujamfutia hilo. Alijua.

Fundi aliangalia chupa, hakumwangalia mtu. "Umezifungulia wapi?"

"Pale kona, baa. Yule binti amezifungua zote, ndiyo kawaida yake. Sikuwahi kumzuia." Sasa na yeye alikuwa ameona. Jasho lilimtoka puani. "Mi huwa sinunui. Nimeokoka."

"Aa. Umeokoka." Fundi akanigeukia. "Muswahili, unasikia? Mwenzetu ameokoka. Wengine tulikuta wamefunga."

Niliinuka. "Nitaagiza nyingine, zenye vifuniko. Dakika moja tu."

"Kaa, muzee. Si wewe unayeomba." Akasukuma chupa moja kwa kidole kuelekea kwa enjenyeri. "Aonje."

Ndivyo inavyofanywa: wasiwasi ukiingia, anayetoa anaonja kwanza. Na enjenyeri alikuwa ameapa mbele ya kanisa lake. Mi ni Muislamu, sikuweza kumsaidia. Tukakaa pale, watu wazima wanne, tunaangalia povu linakufa kwenye midomo ya chupa. Basi Madamu akanyosha mkono, akachukua chupa, akanywa. Hakuonja, alikunywa, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono kama mpakuzi wa mizigo.

"Haya. Nimeonja. Mnaniona? Sijafa. Tufungue ramani."

Fundi alimjibu kwa upole, tena kwa heshima. "Madamu, mi sina neno na wewe. Wewe hukuwa kwenye geti."

Nje, konda wa basi ndogo alikuwa anaita "Kanyosha! Kanyosha!" Fundi aligeuza kichwa kusikiliza. Sote tulijua akitoka pale harudi. Madamu alikuwa ameikumbatia ramani yake.

Enjenyeri akafunga macho. Midomo ilitikisika, sijui alimwambia nini Mungu wake. Akashika chupa nyingine, siyo aliyokunywa Madamu, akainywa. Ilimshinda, ikamtoka puani, akakohoa, akarudia. Alipofika nusu akaiweka mezani, na mkono ukabaki umeishika.

"Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu," alisema. "Niliwaona nyote wawili. Wewe nilikujua kwa koti. Nikafunga."

Konda aliendelea kuita. Fundi hakugeuka tena.

"Alikuita kwa jina lako," fundi akasema. "Ulisikia?"

Nilitamani aseme apana. Ilikuwa rahisi. Vurugu zile, mayowe yale, nani angembishia?

"Nilisikia."

"Mara ngapi?"

"Mpaka aliponyamaza."

Fundi alipumua, pumzi ndefu. Vidole vyake visivyofunga vilikuwa juu ya meza. "Sawa," akasema. "Hilo ndilo nilitaka kulijua. Miaka yote hii nilikuwa najiambia labda hakusikia."

Sikuwa najua kama hiyo sawa ni ya kukaa au ya kuondoka. Naamini hata yeye alikuwa hajui. Basi ndogo iliondoka na kelele zake. Halafu akazikusanya bia zote, na ile ya Madamu, na ile ya enjenyeri, akaziweka chini, karibu na mguu wa meza. Hakuonja hata tone.

"Madamu, fungua hiyo ramani."

Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Nimehudhuria mikutano mingi ya wasomi baadaye, sijaona mwingine kama ule. Fundi alionyesha kwa kidole kila mlingoti, upi mzima, upi umekufa, upi ukipanda utauawa na mabomu kabla hujafika. Lakini enjenyeri, fundi hakumsemesha hata neno. Wamekaa uso kwa uso, goti kwa goti, fundi anasema:

"Madamu, mwambie mashine yake inahitaji njia mbili, moja ikikatwa nyingine iwepo."

"Nimesikia," anasema enjenyeri.

"Sikuongea na wewe. Madamu, mwambie."

Na Madamu anamwambia, kwa Kiswahili kile kile, maneno yale yale, kama mkalimani. Enjenyeri alipotaka kueleza ile mashine ina kasi gani, na yeye alimweleza Madamu, na Madamu akamweleza fundi. Mara ya kwanza nilitaka kucheka. Baadaye tulizoea.

Hata mimi nilipata zangu. Nilisema milingoti ya vilima tutaiwekea betri za lori, ninazo, nitawapa kwa bei ya rafiki. Fundi aliniangalia kama nimekojoa mezani.

"Betri za lori? Kule juu? Wiki ya pili askari wamezibeba kuwashia redio. Wewe mtaalamu wa umeme au mtaalamu wa kuuza?"

Madamu alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Fundi alikuwa na haki, na mi betri zile zilikuwa zimenikalia dukani muda mrefu.

Kuhusu mashine kubwa ikae wapi, enjenyeri alipendekeza ofisini kwao, kwa sababu kuna ukuta na walinzi. Fundi hakusubiri Madamu aseme. "Pale apana." Hakuna aliyebisha. Akaweka kidole kwenye hospitali. "Hapa. Kila upande una majeruhi wake hapa. Hapa hawatapiga." Hakuna aliyebisha hilo pia, na ndivyo tulivyoishauri serikali. Sababu kwenye karatasi Madamu aliziandika nyingine, za kisomi.

Kamati ikapatikana hivyo. Mtu wa wafadhili alikuja, akauliza maswali yake, fundi akamjibu kupitia Madamu mpaka yule mzungu akachoka.

Lakini Bwiza ina midomo. Yule binti wa baa alisema, na jirani yangu alisema, na kanisani kwa enjenyeri wakapata habari kwamba alionekana na bia nne na alitoka kwangu ananuka. Wakamuita mbele ya watu, wakamuuliza kama alikunywa. Angeweza kueleza. Alisema ndiyo, akanyamaza. Wakamuondoa kwenye kuhubiri, wakamkalisha benchi la nyuma na wale wanaoanza. Kwa mtu yule, kanisa lilikuwa ndiyo nyumba. Mke alikuwa ameshaondoka zamani.

Nilikwenda Kanyosha na habari ile. Nilikuwa nafikiri itafaa kitu. Fundi alikuwa anamwagilia, kopo kwa kopo, mkono mmoja. Nilimweleza yote, wamemuita mbele, hakujitetea, amekalishwa nyuma. Alimaliza mstari wake wa kabichi kabla ya kujibu.

"Makanisa yako mengi," alisema.

"Alikunywa kwa ajili yako."

"Alikunywa kwa ajili ya kamati, muzee. Usiongeze." Akaweka kopo chini. Alikuwa amechoka, na nikaona amezeeka tangu nimjue, na mi pia. "Unataka nifanye nini? Nimuonee huruma? Namuonea. Usiku nikikosa usingizi namuonea. Asubuhi namkumbuka mwenzangu, inaisha."

Tulikaa. Milio ya bunduki ilisikika mbali, upande wa milima, hakuna aliyegeuka.

"Kikao cha Alhamisi ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tatu."

"Nitakuja. Mwambie asinisalimie."

Nilimwambia. Enjenyeri alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akaniuliza kama kuna lingine. Hakukuwa na lingine. Alhamisi alifika kabla ya wote, na fundi alipoingia aliinamia karatasi zake, hakuinua uso mpaka mwenzake alipokwisha kukaa. Tuliendelea hivyo mpaka vyombo vikafika na Madamu akatoa magunia chini ya kitanda.